Mashua Zilizokwenda Kikaoni

Leo nataka tutazame picha pamoja. Najua redio haionyeshi, lakini hii ni picha inayosimulika. Haina rangi hata moja. Ni wino mweusi juu ya weupe, meli nyingi baharini, na siku inayosimuliwa inajulikana: tarehe 10 Juni 1666. Waingereza wakati ule walikuwa bado wanafuata kalenda ya zamani, kwa hiyo kwao siku ileile ilikuwa 31 Mei. Usishangae ukikuta vitabu vinatofautiana.

Picha iko Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Aliyeichora ni Mholanzi Willem van de Velde. Alikuwa na mwana mwenye jina hilohilo na kazi hiyohiyo, basi wanaojua mambo haya humwita baba Mzee na mwana Kijana, nasi tufanye hivyo. Tukio lenyewe ni baraza la vita ndani ya manowari De Zeven Provinciën, meli ya admirali Michiel de Ruyter, siku moja kabla ya mapigano makubwa kati ya Waholanzi na Waingereza yaliyokuja kuitwa Mapigano ya Siku Nne.

Sasa, mtu akikwambia picha ya baraza la vita, unawaza nini? Unawaza meza. Unawaza ramani imetandazwa, wakubwa wenye vifungo vya dhahabu wameinama, mmoja ananyoosha kidole na wengine wanatikisa vichwa. Katika picha ya Mzee meza haipo. Iko ndani ya meli kubwa, na mchoraji hakutuingiza huko. Ametuacha nje, majini. Tunaiona meli ya admirali, tunaziona manowari nyingine zimeizunguka, na tunaona mashua. Mashua za makasia, ndogo mno pembeni mwa mbao zile ndefu, ambazo kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwachukua wakubwa kutoka kila meli na kuwapeleka kikaoni.

Mimi nimeipenda picha hii kwa sababu ya mashua hizo, na jioni hii nitajaribu kukueleza kwa nini naona mchoraji huyu alikielewa kikao cha vita kuliko wote waliochora meza.

Kwanza nikupe mfano wa meza, ili tulinganishe. Mwaka 1806 jijini London ilichapishwa picha iliyotokana na mchoro wa William Marshall Craig. Inamwonyesha Nelson, admirali wa Waingereza, akiwaeleza maafisa wake mpango wa vita ya Trafalgar. Jambo lenyewe ni la kweli. Tarehe 29 Septemba 1805, siku aliyotimiza miaka 47, Nelson aliwaalika makapteni 15 kula chakula ndani ya meli yake Victory, karibu na Cadiz, na wengine wakaja kesho yake. Akawaeleza kwamba hawatajipanga sambamba na adui kama ilivyozoeleka, bali watamkata katikati. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba wengine walitokwa na machozi. Wiki tatu zikapita, vita ikapiganwa tarehe 21 Oktoba, meli 27 dhidi ya 33, Waingereza wakashinda na Nelson akafa.

Picha ya Craig ilitoka wakati Uingereza nzima ina msiba. Kwa hiyo Nelson yuko pale ulipo mwanga, maafisa wamemzunguka, nasi tunaotazama tunajua kilichompata. Ni picha ya kumheshimu marehemu, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini ukiitazama unaondoka na wazo kwamba mpango wa vita ni kitu kinachotoka katika kichwa cha mtu mmoja na kumiminwa katika vichwa vya wengine. Ajabu ni kwamba Nelson hakuwa akiamini hivyo. Katika maandishi yake ya tarehe 9 Oktoba aliwaambia makapteni kwamba ishara zikikosa kuonekana, nahodha anayeiweka meli yake ubavuni mwa meli ya adui hatakuwa amekosea sana. Alijua kwamba mizinga ikianza, yeye hatakuwa na la kusema tena. Meza ya Craig hailisemi hilo. Mashua za Mzee zinalisema.

Van de Velde alizaliwa Leiden mwaka 1611, katika ukoo wa watu wa bahari. Hakuwa mtu wa kukaa pwani na kungoja habari. Agosti 1653, Waholanzi na Waingereza walipopigana karibu na Scheveningen, yeye alikuwemo baharini katika chombo kidogo, anachora. Huko ndiko alikouawa admirali Maarten Tromp. Mwaka 1658 alikuwepo tena, safari hii kwenye mlango wa bahari wa Denmark. Na mwaka huu wetu wa 1666 De Ruyter mwenyewe alitoa amri ya maandishi kwamba mchoraji apewe chombo, na nahodha wa chombo hicho ampeleke mbele ya meli, au nyuma yake, au popote atakapoona panafaa kwa kazi yake. Fikiria amri hiyo, msikilizaji. Admirali anajiandaa kupigana na bado anamkumbuka mtu mwenye karatasi.

Huko baharini Mzee alikuwa anachora haraka, kwa mistari michache, pengine ana kwa ana na moshi. Akirudi nyumbani ndipo kazi ya polepole ilipoanza. Alichukua ubao au turubai, akaupaka rangi nyeupe ya risasi mpaka ukawa laini, kisha akachora juu yake kwa kalamu ya kuchovya na wino. Kwa kalamu! Kila kamba ya mlingoti ni mstari wake peke yake. Kila dirisha la mzinga lina kivuli chake. Mawimbi ni mistari mifupi iliyolazwa moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Mahali pengine alipitisha brashi yenye wino uliopunguzwa makali, ili wingu liwe wingu. Mtu aliyefanya kazi kwa namna hiyo hawezi kuchora mashua bila sababu. Kila moja ilimgharimu muda.

Basi mashua zile zilikuwa zinafanya nini?

Hapa inabidi tuielewe Uholanzi ya wakati ule. Haikuwa na jeshi moja la majini lenye mkuu mmoja. Ilikuwa na mamlaka 5 za bahari: Amsterdam, Rotterdam, Zeeland, Friesland na ile ya kaskazini mwa Uholanzi. Kila mamlaka ilijenga meli zake, ikaajiri mabaharia wake, ikawa na maadmirali wake na wivu wake. Jina la meli ya De Ruyter maana yake ni Majimbo Saba, na jina hilo lilikuwa dua kuliko taarifa. Majimbo hayo 7 yalipatana kwa shida hata nchi kavu.

De Ruyter mwenyewe hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alizaliwa Vlissingen mwaka 1607, baba yake akiwa mchukuzi wa mapipa ya bia. Utotoni alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota kamba, na alipokuwa na umri wa miaka 11 akaingia baharini. Upande wa pili wa meza ile alikaa Cornelis Tromp, mwana wa Maarten Tromp yule aliyeuawa mwaka 1653. Tromp alikuwa hodari, kijana wa jina, kipenzi cha mabaharia, na mfuasi wa jamaa ya Orange katika nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na mahasimu wa jamaa hiyo chini ya Johan de Witt. Mwaka mmoja kabla, baada ya Waholanzi kupigwa vibaya huko Lowestoft na mkuu wao kulipuka pamoja na meli yake, Tromp alishika uongozi kwa muda. Halafu De Ruyter akarudi kutoka safari ya mbali, na De Witt akampa yeye uongozi. Tromp hakulisahau jambo hilo.

Mashua ya Tromp ilipokuwa inakaribia De Zeven Provinciën, basi, ndani yake alikaa mtu mwenye kinyongo. Alikuja hata hivyo. Bendera ya wito ilipanda, makasia yakaingia majini, akaja. Ndiyo maana nasema mchoraji alikielewa kikao. Jambo kubwa katika baraza la vita ni kwamba watu wasioaminiana wametoka katika meli zao, mahali ambapo kila mmoja ni mfalme, wakapanda ngazi ya meli ya mwenzao. Yaliyosemwa ndani hayakuchorwa kwa sababu hayachoreki. Kuja kunachoreka.

Tena ilikuwa nafasi ya mwisho ya kusema. Kesho yake, meli zaidi ya 80 zikisambaa majini kwa maili nyingi, na moshi wa baruti umetanda, bendera chache walizokuwa nazo kwa ishara zingeweza kusema mambo machache tu: shambulia, geuka, rudi. Hazingeweza kueleza, wala kubembeleza, wala kujibu swali. Maneno yote yaliyohitaji sauti ya mtu yalipaswa kusemwa tarehe 10, ndani ya chumba kile.

Lakini nisikudanganye kwamba ninaitazama picha hii kwa mapenzi matupu. Mimi ni Mwafrika, na ile safari ya mbali ya De Ruyter ilikuwa ya Afrika. Vita hii ya 1665 hadi 1667 ilikuwa na mizizi yake katika pwani ya Afrika Magharibi. Kulikuwa na kampuni ya Waingereza yenye hati ya mfalme, na James, ndugu wa mfalme, akiwa mkuu wake. Ilitaka dhahabu, pembe za ndovu, na watu. Mwaka 1664 Mwingereza Robert Holmes alikwenda na manowari akaziteka ngome za Waholanzi, kuanzia Gorée mpaka pwani ya dhahabu. De Ruyter, aliyekuwa katika bahari ya Mediterania, akapewa amri ya siri: nenda ukazirudishe. Akazirudisha karibu zote, na mapema 1665 akaongeza ngome ya Waingereza ya Kormantin. Kisha akavuka Atlantiki na kurudi kwao, ambako alikuta cheo kinamngoja.

Kwa hiyo katika meza ile tusiyoiona kulikuwa na kitu kimoja zaidi cha kutuhusu. Mataifa mawili yaligombea nani awe na haki ya kununua watu wetu na kuwapakia melini. De Ruyter alikuwa mchaji Mungu, baharia mkubwa, mwenye kuwajali vijana wake, hayo yote ni kweli, na yanasomwa katika vitabu vya kwao kwa fahari. Biashara aliyoirudisha kwa mizinga ilikuwa biashara ya utumwa, na hilo pia ni kweli. Ngome ile ya Kormantin ikabaki mikononi mwa Waholanzi kwa mapatano ya Breda ya 1667, wakaiita Amsterdam. Bado ipo Abandze, Ghana, na imo katika orodha ya urithi wa dunia. Nikiwaona wakubwa katika mashua zao, ninaikumbuka na ngome hiyo. Mchoraji alichora wote walioitwa. Walioamuliwa mambo yao hawakuitwa.

Turudi baharini, maana kesho yake ilikuwa na mambo.

Waingereza walikuwa wamefanya kosa ambalo wanahistoria wa kwao bado wanalijadili. Walipata habari kwamba meli za Ufaransa zinakuja kuwasaidia Waholanzi, wakamtuma Prince Rupert, mmoja wa wakuu wao wawili, na meli kama 20 aelekee magharibi kuzizuia. Wafaransa hawakuwa karibu. Mkuu aliyebaki, George Monck, alikuwa na meli zisizofika 60. Akili ya kawaida ilimwambia asubiri. Hakusubiri. Tarehe 11 Juni aliwaona Waholanzi wametia nanga, upepo mkali wa kusini-magharibi ukiwa upande wake, akawaendea.

Waholanzi walikuwa wametia nanga, msikilizaji! Baraza limekaa jana, mipango imewekwa, na adui anatokea kabla matanga hayajafunguliwa. Hapakuwa na muda wa kuvuta nanga. Walikata amari kwa mashoka, nanga zikabaki chini, wakaanza kupigana huku wanajipanga. Kikosi cha Tromp ndicho kilichobeba kishindo cha kwanza. Kilichowasaidia ni upepo uleule uliowaleta Waingereza: uliziinamisha meli za Monck upande wa demani, upande uliowaelekea Waholanzi, madirisha ya mizinga ya chini yakawa yanalamba maji, hayafunguki. Mizinga ya chini ndiyo mizito. Monck alikuja na upepo, akapigana bila silaha zake kubwa.

Jioni ya siku hiyo Cornelis Evertsen Mzee, mkuu wa watu wa Zeeland, aliuawa. Siku ya pili akauawa Abraham van der Hulst wa Amsterdam. Siku hiyohiyo Tromp alijitenga na wenzake akazungukwa, na De Ruyter ndiye aliyegeuza meli, akapenya katikati ya Waingereza, akamtoa. Hapo ndipo ninapoiona faida ya mashua. Yule aliyekuwa hampendi alimfuata kumwokoa, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kuwa jeshi moja.

Siku ya tatu Waingereza walikuwa wanarudi nyuma, na Royal Prince, moja ya meli zao kubwa kabisa, ikapanda kwenye fungu la mchanga liitwalo Galloper. Admirali wake, George Ayscue, akajisalimisha, na meli ikachomwa moto. Jioni Rupert akarudi. Siku ya nne walipigana tena wote kwa pamoja, mpaka watu na baruti vikakaribia kwisha na ukungu ukaingia. Waingereza walipoteza meli kama 10, Waholanzi 4. Maelfu walikufa au kujeruhiwa. Kila upande ulitangaza umeshinda, na London walipiga kengele kabla ya kujua hesabu.

Van de Velde alikuwa katikati ya hayo yote, siku zote nne, katika chombo chake kidogo. Michoro yake ya mapigano hayo ipo. Ni kazi ya ushujaa, na ninapenda ihesabiwe hivyo, kwa sababu mtu anayechora vita hana pa kujificha wala silaha ya kujibu.

Miezi miwili baadaye, mapema Agosti, majeshi yalikutana tena. Safari hii Tromp alikifukuza kikosi kimoja cha Waingereza mpaka akapotea mbali na mapigano makuu, De Ruyter akaachwa, akapigwa, akaponea chupuchupu kurudi bandarini. Wawili hao wakarushiana lawama hadharani. Tromp akafukuzwa kazi. Mashua zilikuwa zimeleta watu kikaoni mara nyingi mwaka huo, na mara hii walichokubaliana ndani hakikufika nje.

Mwaka 1672 Ufaransa iliivamia Uholanzi, uchumi ukaanguka, na soko la picha likaanguka nao. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa amewaita Waholanzi wanaotaka kuhamia kwake. Majira ya baridi ya mwaka huo Mzee na Kijana walivuka bahari na kwenda kwa adui wa jana. Mwanzoni mwa 1674 mfalme aliwaandikia mshahara wa pauni 100 kwa mwaka kila mmoja, baba kwa kuchora mapigano ya baharini, mwana kwa kuyatia rangi, na wakapewa chumba cha kazi katika jumba la Queen's House, Greenwich. Leo jumba la makumbusho la bahari la hapohapo Greenwich lina michoro yao zaidi ya 1,000. Wapo wanaomlaumu Mzee kwa kuhama. Mimi simlaumu. Alikuwa na miaka 61 na familia ya kulisha, na mkono uleule uliochora meli za De Ruyter ulizichora za Waingereza kwa uaminifu uleule, kamba kwa kamba, bila kuufanya upande mmoja mzuri na mwingine mbaya.

Na wale mahasimu wawili? Mwaka 1673 William wa Orange, ambaye sasa alikuwa ameshika nchi, aliwapatanisha De Ruyter na Tromp, na Tromp akarudishiwa kikosi chake. Mwezi Juni, huko Schooneveld, Tromp alizidiwa tena, na De Ruyter akaacha nafasi nzuri aliyokuwa nayo akamwendea tena. Kabla ya hapo lazima mashua ilitoka katika meli ya Tromp ikaenda katika meli ya admirali, kama ile ya mwaka 1666. Hiyo Van de Velde hakuichorea upande wa kwao, maana alikuwa ameshahamia London.